Nukta Mbili

Mashine ya Hisabati iliandika anwani
kwa alama za mshangao, moja nyuma ya nyingine,
kama watu wanaogombana koridoni.
Ya Jiolojia ilitaka herufi kubwa tupu, zisizidi nane:
Kemppainen akawa KEMPPAIN, mkia umekatwa.
Ya Maktaba, mpya, yenye rangi ya maziwa,
ilipenda kile kialama
ambacho Wafini hukiita mkia wa paka.

Kiwanja kimoja. Nyaya tayari zimefukiwa chini ya theluji.
Na hakuna aliyemwitikia mwenzake.

Kwa hiyo barua pepe ilikuwa na miguu,
miguu ya Ahti, tarishi.
Ilichapwa huku, ikakunjwa,
naye akapanda kigari chake cha vyuma viwili,
mguu mmoja umesimama, mmoja unasukuma,
digrii ishirini na saba chini ya sifuri,
akaifikisha kule, ambako karani
aliichapa upya kwa vidole viwili.
Wakayaita maendeleo.

Novemba, jua linapozama kabla ya saa tisa mchana,
kazi alikabidhiwa Sirkka Kemppainen.
"Ziunganishe," mkuu wa kitengo alimwambia,
kama mtu anayesema funga dirisha.

Hakuziunganisha. Mwenyewe alilishikilia hilo.
Aliweka mkalimani katikati:
kurasa kumi na nne za programu
zinazokesha mlangoni, zikipokea bahasha ya huyu,
zikimvua kofia ya kwao,
zikimvisha ya wenyeji anakokwenda.

Wiki ya kwanza profesa mmoja akaenda kuteleza milimani,
akaiacha mashine yake imjibie: Sipo.
Mashine ya pili nayo ilikuwa na adabu: Nimepokea.
Sipo.
Nimepokea.
Sipo.
Hata kulipokucha, elfu sita na ushei,
diski imejaa hadi kooni,
Sirkka anaingia, buti zingali na barafu,
anawatenganisha waungwana wawili
waliokuwa wakiuana kwa salamu.

Kisha zile nukta.
Mashine ya Jiolojia ilitoka Marekani na herufi za kwao,
na mkalimani, kila alipokuta a
yenye nukta mbili utosini,
alizipangusa kama vumbi.

Hilkka wa Maktaba alimwandikia Urpo Lehtola,
mgane, mtu wa mawe na kimya:
Nilikuona jana kwenye theluji, bila kofia.
Vitabu vyako vimechelewa.

Sasa, katika Kifini, kuona na kuoa
vimetenganishwa na nukta hizo mbili, basi.
(Tusiwacheke. Kwetu ni n moja tu,
nayo inaning'inia kwa uzi.)

Ikafika:
NILIKUOA JANA KWENYE THELUJI, BILA KOFIA.
VITABU VYAKO VIMECHELEWA.

Herufi kubwa zote, kama tangazo la serikali.

Urpo akabadilisha miwani.
Akatoka, akanywa kahawa, akarudi: maneno yapo palepale.
Kisha, kwa mashine, kwa mara ya kwanza maishani mwake:
HARUSI SIIKUMBUKI. THELUJI NAIKUMBUKA.
VITABU NITAVILETA MWENYEWE.

Hilkka alimpigia Sirkka simu, anawaka.
Jedwali, akaambiwa, mstari mmoja, dakika kumi.
Kimya kidogo kwenye waya.
"Kwani," akauliza, "kuna haraka?"

Nukta zilirudi Jumatatu, Kemia walipolalamika.

Ahti hakuna aliyemwambia lolote.
Aliendelea kusukuma kigari chake, mikono mitupu,
jengo hadi jengo, theluji kwenye nyusi,
akichungulia mlango wa Sirkka:
"Ile ya saa nne, imefika?"
"Imefika."
"Haikulowa?"
Sirkka aliitazama skrini, akaitazama kweli,
kabla ya kumjibu.
"Haikulowa."